Kwa nini mtafiti wa maporomoko anauliza bei ya kiwanja?

Mwezi huu tumechagua barua nne za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, zote zikihusu maafa ya asili na watu wa vyuo vikuu wanaoyachunguza.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi jijini Mbeya katika mtaa ulio chini ya mlima. Hivi karibuni walikuja wanafunzi wa chuo kikuu na walimu wao, wakasema wanatafiti maporomoko ya udongo. Mmoja alichimba shimo akachukua udongo, na huyo nilimwelewa. Mwenzake alinikalisha muda mrefu akiniuliza kiwanja nilinunua kwa nani na kwa shilingi ngapi, maji ya kuogea tunayamwaga wapi, na kama usiku tukisikia kishindo ni nani anayeamua kwamba tutoke nje. Mambo hayo yanahusianaje na mlima?
Mama mwenye nyumba, Mbeya

JIBU: Mama, hao wawili walikuwa wakichunguza jambo moja kutoka pande mbili. Sehemu kubwa ya udongo wa ukanda wa Mbeya na Rungwe imetokana na majivu ya volkano, nao hunyonya maji mengi. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, uzito wake huongezeka huku mshikamano wake ukipungua, hadi mteremko unashindwa kujishikilia. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere ulishuka hadi Itezi ukafukia nyumba, na wengi wa wasomaji wetu wa Mbeya wanalikumbuka tukio hilo. Mwanajiolojia anaweza kueleza vizuri hayo yote, na mtaalamu wa hali ya hewa akaongeza ni mvua ya kiasi gani inayotosha kuleta hatari.

Hata hivyo, mlima huo umeguswa pia na mikono ya watu. Anayekata ubavu wa mlima ili apate uwanja wa kujengea huondoa sehemu ya chini iliyokuwa ikiizuia ile ya juu, na maji ya kuogea yanayozama nyuma ya nyumba huulowesha udongo hata kiangazi, wakati mvua haipo. Ukiuliza kwa nini mtu ajenge mahali kama hapo, jibu halimo ndani ya udongo bali katika bei ya viwanja: penye tambarare ni ghali, penye mteremko ni nafuu, na mara nyingi mauziano huandikwa mbele ya mashahidi kabla mpimaji wa ardhi hajafika. Ndiyo maana uliulizwa ulinunua kwa nani. Mhandisi anayependekeza ukuta wa mawe bila kujua kwamba wenye nyumba hawana hati, na kwa hiyo wanasita kuweka fedha zao hapo, atakuwa amechora mchoro mzuri wa kubaki kwenye karatasi.

Swali la nani anaamua kutoka nje huenda ndilo lililokuudhi zaidi, lakini mimi naliona kuwa zito kuliko yote. Kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwaka 1991 kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Watafiti wa jamii waligundua kwamba baadhi yao walichelewa kuondoka kwa sababu walimsubiri mume aamue, na wengine waliogopa kukaa katika majengo ya kujihifadhi yasiyo na faragha. Baadaye tahadhari zilianza kupelekwa nyumba kwa nyumba na watu wa kujitolea, wakiwamo wanawake, na majengo zaidi ya kujihifadhi yakajengwa, mengine yakiwa na sehemu ya wanawake. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007, ambacho nacho kilikuwa kikali sana, kiliua watu wapatao 3,400. Tofauti hiyo haikuletwa na wataalamu wa upepo peke yao.

Nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza: una haki ya kudai matokeo. Watafiti waliochukua muda wako na udongo wako wanapaswa kurudi kwenye mkutano wa mtaa na kueleza walichokiona, kwa Kiswahili na bila jedwali lisilosomeka.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Sisi vijana wa Kyela kila masika tunaambiwa tuhame mabondeni. Je, wataalamu hawajui kwamba bonde ndilo linalotulisha?
Mkulima wa mpunga, Kyela

JIBU: Marahaba, kijana. Wapo wanaojua na wapo wasiojua, na mara nyingi tofauti hutokana na nani aliyekuwamo katika timu ya utafiti. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na juu ya hiyo hupokea maji ya mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoteremka kutoka milima ya Rungwe. Maji hayo ndiyo yanayobomoa nyumba, na ndiyo yaliyoleta tope linalorutubisha majaruba yenu. Anayepima kina cha maji tu ataandika “wahame.” Mchumi wa kilimo akikaa naye meza moja, atahesabu mavuno ya miaka mingi dhidi ya hasara ya mwaka mmoja mbaya, na huenda wakafikia ushauri tofauti: shamba libaki bondeni, nyumba na ghala vihamie mahali palipoinuka, na vyoo vijengwe ili maji yasivifikie, maana mafuriko yakipita kinachofuata mara nyingi ni kipindupindu. Mkulima aliyehamishiwa mlimani bila shamba hurudi bondeni kulima, na baada ya msimu hujenga kibanda palepale alipoondolewa.

Mto Songwe una shida yake ya peke yake, kwa sababu ndio mpaka wetu na Malawi na huhama mkondo. Hapo hata mwanasheria anahitajika, na ndiyo sababu nchi hizi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo.

Mwanajiografia wa Marekani, Gilbert White, aliandika mwaka 1945 kwamba mafuriko ni kazi ya Mungu, lakini hasara za mafuriko kwa kiasi kikubwa ni kazi ya wanadamu. Kauli hiyo imenukuliwa sana, nami ningeiongezea kwamba wanadamu wanaosababisha hasara si lazima wawe ndio wanaoipata. Anayefyeka msitu mlimani Rungwe hatalala kwenye maji ya Kyela.

SWALI: Je, tetemeko la ardhi linaweza kutabiriwa? Kuna ujumbe unasambaa kwenye simu ukitaja hadi tarehe.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hapana, ufute ujumbe huo. Wanasayansi wanaweza kueleza ni maeneo gani yana hatari, lakini hakuna anayeweza kutaja siku. Ukanda wetu uko kwenye Bonde la Ufa na hatari hiyo inajulikana: tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, na Desemba 2009 matetemeko mfululizo yalibomoa nyumba Karonga, ng’ambo tu ya mpaka. Nyumba ya tofali yenye linta ya zege iliyozunguka kuta zote, na kona zilizofungwa vizuri, ina nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Utafiti wenye faida hapa ni ule unaomkutanisha mhandisi na fundi wa kijijini, kwa kuwa fundi ndiye anayejua mwenye nyumba huanza kupunguza nondo wapi fedha zinapopungua.

SWALI: Kamwene, Mhariri. Binti yangu amemaliza kidato cha sita tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na anasema anataka kusomea maafa. Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya Zimamoto. Kuna elimu ya namna hiyo kweli?
Mzazi, Iringa

JIBU: Kamwene. Ipo, na ina umri. Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilianzisha taasisi ya kuzuia maafa mwaka 1951, na kituo cha utafiti wa maafa ambacho sasa kiko Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kilianzishwa mwaka 1963 na wanasosholojia, wala si wahandisi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kimekuwa na kituo cha mafunzo ya usimamizi wa maafa, na mtu anaweza pia kuingilia kupitia jiografia, mipango miji, kilimo au afya ya jamii.

Ushauri wangu ni kwamba apate kwanza taaluma moja anayoimudu, kisha ajifunze kuwasikiliza wenye taaluma nyingine. Katika Umatengo, wilayani Mbinga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto walichunguza kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo yanayochimbwa kwenye mteremko, miaka ya 1990. Wa udongo walieleza jinsi yale mashimo yanavyozuia maji yasibebe udongo wa mteremko. Wa jamii wakaonyesha kwamba kazi hiyo inategemea mgawanyo wa kazi kati ya wanaume wanaopanga majani na wanawake wanaochimba na kufukia. Nguvukazi ikipungua nyumbani, ngoro hupungua, na mmomonyoko huanza bila mvua kubadilika.

Ajue pia kwamba maarifa yasiyomfikia mhusika hayamwokoi. Ramani ya hatari ya volkano Nevado del Ruiz nchini Colombia ilikuwa imekwisha kuchorwa Oktoba 1985; tarehe 13 Novemba mwaka huohuo tope la volkano lilifunika mji wa Armero, ambao ramani ilikuwa imeuonyesha, na zaidi ya watu 20,000 wakafa.

Kabla hajajaza fomu ya chuo chochote, binti aulize maswali mawili: kama utafiti wa mwaka wa mwisho unaweza kusimamiwa na walimu wa idara mbili tofauti, na kama ripoti zake hupelekwa kwenye kamati za maafa za wilaya na vijiji au huishia maktaba.