Siku niliyokojoa damu nikashangiliwa

Mhariri, wiki hii umeuliza "Ni siku gani ulijiona umeacha utoto?" Nimeona wenzangu mmoja anasema jando, mwingine mshahara wa kwanza. Yangu ina aibu kidogo ila acha niiseme tu, ni siku niliyokojoa damu nikashangiliwa.

Ilikua Juni 1998, nina miaka 12, likizo kwa babu huko Kwimba. Sisi tulikua tunakaa Mwanza mjini kwahiyo kule kijijini mimi ndo "wa mjini", yani asiyejua kitu. Kware simpati kwa manati, mbwa hawanisikii, nikipewa ndama niswage wananiponyoka wanaingia kwenye ngitili ya watu (ngitili ni malisho yanayofungwa masika yasiguswe mpaka kiangazi kikali, ukiingiza mifugo humo babu yako anaitwa kwa wazee, faini anatoa yeye na fimbo unakula wewe). Wenzangu walikua sita, mkubwa wao kama miaka 15 hivi, tukimwita Kamanda. Huyo alikua anaingiza mkono kwenye tope anatoka na kambare, nikajaribu na mimi nikachomwa na ule mwiba wa pembeni, mkono ukavimba siku mbili.

Makao makuu yetu ni lambo. Kwa wasiojua, lambo ni bwawa la kuchimba la kunyweshea ng'ombe, usukumani yapo mengi, na mvua za El Nino za mwisho wa 1997 zilikua zimelijaza la kwetu mpaka likamwaga. Desemba ile nilikuwepo pia na ndo nilifundishwa kuogelea humo, jua la utosi, ng'ombe wamelala kivulini, sisi tunajirusha kutoka kwenye tuta uchi wa mnyama. Tukichoka tunakaa kwenye majani pembeni tunaokota konokono. Wadogo wa kahawia, kama kucha ya kidole cha mwisho, ukimshika ncha juu mdomo wake unakua upande wa kushoto. Hao ndo walikua ng'ombe wetu wa kuchezea. Kila mtu ana zizi lake la vijiti, mnauziana, mnatoa mahari, mimi Januari nilirudi mjini na ng'ombe arobaini kwenye kopo la maziwa ya unga mpaka walivyoanza kunuka mama akatupa zizi zima.

Sa kulikua na shindano. Tunapanga mstari juu ya kichuguu, nani anakojoa mbali. Ila heshima yenyewe haikua umbali bana. Wale wakubwa mkojo ukikaribia kuisha, matone ya mwisho yanatoka mekundu, na Kamanda alikua anasema hivyo ndivyo mwanaume anavyoanza, dada zetu wana yao na sisi tuna yetu, ambaye hajafikia hapo bado ananyonya. Nilikaa nusu mwaka mzima na huo wivu, kila nikienda chooni shuleni naangalia.

Basi Juni ile, siku ya tatu tu tangu nifike, tupo juu ya kichuguu, matone matatu mekundu. Aisee walinibeba juujuu! Kamanda akanipa manati yake mwenyewe, ile yenye mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku nne nilitembea kama mwenye mji. Nyumbani kimya, maana kulikua na kiapo, ya lambo hayasemwi.

Ya tano usiku kukaanza kuunguza. Nikawa natoka kila saa, mara moja sikuwahi, mwanaume mzima nikalowanisha shuka. Asubuhi bibi alikua nje anakata viazi vya michembe. Hakufoka. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mjukuu wangu, unaumwa wapi?" Kisu kinaendelea, vipande vinadondoka kwenye ungo, tap, tap. Nikamwambia siumwi bibi, nimekua mwanaume. Nilisema hivyohivyo kabisa. Kisu kikasimama, bibi akacheka mpaka akafuta machozi na kanga, halafu akasema "Hata baba yako alianza uanaume hivyohivyo, twende."

Nikamwaga yote, lambo, kichuguu, Kamanda. Kiapo kikafa pale.

Dispensari mganga aliinua chupa ya soda yenye mkojo wangu akaielekeza dirishani, akanipima, kilo 30, vidonge viwili vikubwa vyeupe, kwanza nile nishibe. Ule uchungu ukichelewa kumeza unabaki nao mpaka jioni, na kizunguzungu juu. Kichocho. Akaniambia minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yanatoka na mkojo, mnakojoa mlemle mnamoogelea, yakianguliwa vijidudu vinaingia kwa konokono vinazaliana, kisha vinatoka vinapenya ngozi, hasa mchana jua likiwaka. Yani muda wetu uleule. Mimi nilikua nawaza wale ng'ombe wangu arobaini tu.

Babu akapeleka habari kwa wazee, lambo likapigwa marufuku kwa watoto. Manati nikanyang'anywa. Nikaitwa mbea, likizo yote iliyobaki nikachunga peke yangu, na hapo ndo nilijifunza kuswaga ndama kweli maana hamna wa kunisaidia. Ile nusu mwaka ya wivu na siku nne za sifa sizihesabu, mimi nahesabia zile wiki mbili za kuchunga peke yangu.

Usiku mmoja kabla sijarudi mjini nikasikia mluzi nyuma ya minyaa. Kamanda. Kasimama tu anachuma vijiti anavunja, ule utomvu unamdondokea. Mwisho akauliza, "Vile vidonge vichungu sana?" Akataka niseme naumwa tena nipewe nimletee. Nikamwambia yeye ni mzito, viwili havimtoshi, lazima apimwe mwenyewe. Akanyamaza, mpaka nikadhani ameondoka.

Kesho yake asubuhi tulipita njia ya nyuma wasituone, mimi mbele, yeye nyuma ameficha chupa ya soda ndani ya fulana.