Nilimwibia mwajiri wangu, nikafungwa. Nani ataniajiri tena?

SWALI: Shikamoo dada mshauri. Nina miaka 34. Nilikuwa mtunza stoo, nikawa nauza mali ya kampuni kidogo kidogo hadi nikakamatwa na kufungwa miaka miwili. Tangu nitoke, kila fomu ya kazi inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Nikijibu ndiyo, kimya. Safari moja nilijibu hapana nikaajiriwa, haikuchukua muda wakagundua, wakanitoa mbele ya wenzangu. Naishi kwa dada yangu, mke na mtoto wako kwa wakwe, na wakili ananidai. Rafiki yangu ananishawishi nichukue mkopo wa haraka wa kwenye simu nianze biashara. Nifanyeje?
Mtunza Stoo wa Zamani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya ofisa utumishi miaka mingi, kwa hiyo naijua safari ya fomu yako. Rundo ni kubwa, na anayelipitia anatafuta sababu ya kulipunguza. Ile "ndiyo" yako inamtosha. Hata jina lako hajalisoma vizuri.

Mwanasosholojia Devah Pager alilipima jambo hili mjini Milwaukee, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Alituma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi, wakipokezana kujitambulisha kuwa waliwahi kufungwa. Kwa Wazungu, walioitwa tena walishuka kutoka asilimia 34 hadi 17. Kwa weusi, kutoka 14 hadi 5. (Ndiyo, umesoma sawasawa: mweusi asiye na kosa aliitwa mara chache kuliko Mzungu aliyefungwa. Hilo nalo lina siku yake.) Baadaye, yeye na wenzake walipofanya utafiti kama huo New York, waliona kuwa waombaji waliopata nafasi ya kuzungumza na mwajiri ana kwa ana waliitwa zaidi, hata wenye rekodi.

Basi acha kutanguliza karatasi. Tafuta sehemu ndogo ambazo mwenye mali ndiye anayeajiri, uende na mtu anayekufahamu: fundi uliyewahi kumsaidia, kiongozi wako wa dini, hata shemeji yako. Kwa sasa usiombe stoo, keshia wala ulinzi. Omba kupakia mizigo, ujenzi, kiwandani, kazi ambayo jasho lako linaonekana na funguo anazo mwingine.

Kisha useme mwenyewe. Si sentensi ya kwanza, subiri mmalize kuzungumzia kazi, halafu umwambie hivi: "Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Nilifungwa miaka miwili kwa kuuza mali ya mwajiri wangu. Kosa lilikuwa langu na adhabu nimeimaliza. Sasa nafanya vibarua kwa fulani, namba yake hii hapa, muulize. Naomba unijaribu kwa kazi isiyohusu fedha." Ukifika hapo, nyamaza. Ukimya utakuuma, lakini usiujaze kwa kueleza mshahara ulivyokuwa mdogo au wenzako walivyoiba zaidi. Na tafadhali usiniambie shetani alikupitia. Nimemsikia akisingiziwa kwenye usaili hadi nikaanza kumhurumia. Mwajiri anataka kujua kitu kimoja tu: huyu akiiba kwangu, atamlaumu nani?

Kudanganya kwenye fomu usirudie, ila pia usijibu usichoulizwa. Kama swali ni la miaka mitano iliyopita, jibu la miaka mitano. Tena sheria za nchi hazifanani. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya tangu 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha baada ya muda fulani, na kwa kazi nyingi mhusika halazimiki kuzitaja tena. Ulizia kwenu kuna utaratibu gani. Wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo watakuambia. Omba pia nakala ya rekodi yako uisome. Wapo watu ambao kesi zao zilifutwa, lakini kwenye kumbukumbu bado zinaonekana kama ziko mahakamani.

Kazi ya kwanza italipa kidogo. Ichukue. Unachokitafuta hapo zaidi ya mshahara ni mtu atakayepokea simu mwakani na kusema, "Huyu namjua."

Mkopo wa rafiki yako, hapana. Ile mikopo huanza kudai kabla biashara haijapata mteja wa pili, na ukishindwa kulipa utaongeza rekodi ya mdaiwa sugu juu ya hii uliyonayo. Ukitaka kujiajiri, anza na huduma inayohitaji mikono kuliko mtaji. Kwa wakili nenda wewe kabla hajakutafuta, mwandikiane kiasi kidogo cha kila mwezi, hata kikikutia aibu. Dada yako naye mpe chochote kila ukilipwa, kabla hujanunua vocha.

Hukuniambia kama mkeo anajua habari za huo mkopo. Mpigie leo umweleze, kabla hujampa rafiki yako jibu.