Kisahani cha babu chenye tarakimu ukingoni ni cha nini?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Marehemu babu alikuwa mtu wa mambo ya ramani, juzi tunasafisha kabati lake tukakuta kisahani cha plastiki, duara mbili moja inazunguka ndani ya nyengine, tarakimu zimejaa ukingoni na kumeandikwa kwa Kizungu kimo, lensi, spidi, sekunde. Wadogo zangu wanasema tutupe. Hichi kitu gani na kina kazi gani saa hizi? Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, msitupe! Hiyo ni rula ya slaidi ya duara, yaani kifaa cha kupigia hesabu kwa kuzungusha kwa mkono, ya wapiga picha wa kwenye ndege. Inatumia logi (logarithimu) zile zile za skuli, angalia utaona 1 mpaka 2 pana halafu 8 na 9 zimebanana, ndo mana ukizungusha unajumlisha logi na jibu linatoka la kuzidisha, betri hamna.

Kazi yake kubwa kumwambia mpiga picha abonyeze lini. Tuseme ndege iko mita 1,520 juu ya ardhi na lensi ni ya milimita 152, gawa, skeli ni 1:10,000, yaani sentimita 1 ya picha ni mita 100 za shamba. Filamu zilizozoeleka zilikuwa sentimita 23 kwa 23, kwa hiyo picha moja inachukua kilomita 2.3 kila upande, lakini lazima zilaliane kama asilimia 60 ili kila kipande cha ardhi kionekane kwenye picha mbili, maana picha mbili ni kama macho mawili, bila hivyo huoni bonde wala kilima. Inabaki mita 920 za kusogea, ndege ikienda mita 50 kwa sekunde basi unabonyeza kila sekunde 18.4, na upepo ukibadilika unazungusha tena hapo hapo hewani.

Sasa mimi wale wapiga picha nawaheshimu kwa hili: kisahani hakikwambii nukta iko wapi. Kinaonesha 184 tu, kama ni 1.84 au 18.4 au 184 unatakiwa ujue mwenyewe kichwani, na ukikosea filamu imekwenda bure.

Saa hizi hesabu ni hiyo hiyo, hata droni zilizoanza kupiga picha za ramani ya Zanzibar 2016 zinaifata, ila inapigwa na programu. Kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, usitie petroli wala thina, tarakimu zitaondoka, halafu mkae na hao wadogo mjaribu huo mfano wa juu.