Formosa na fomu: je, ni ndugu?

Swali: Katika ramani ya zamani ya Kenya, Ghuba ya Ungwana imeandikwa Formosa. Naambiwa Taiwan nayo iliitwa hivyo. Ni neno la lugha gani, na lina undugu na fomu tunazojaza maofisini?

Jibu: Undugu upo, tena wa damu. Formosa ni Kireno, "nzuri", kutoka kivumishi cha Kilatini formosus. Livunje neno hilo vipande viwili: forma ni umbo, na -osus inafanya kazi ya -enye yetu. Formosus ni mwenye umbo. Nasi tukisema "yule binti ana umbo", hatuongezi "zuri", msikilizaji ameshaelewa. Tukisema mtu hana sura, hatusemi kwamba hana uso. Warumi nao walimwita mbaya wa sura deformis, aliyepungukiwa na forma. Hunifurahisha sana lugha zisizojuana zinapokutana njia moja namna hii.

Hiyo -a ya mwisho ni upatanisho wa kisarufi. Kwa Kireno kisiwa (ilha) na ghuba (baía) ni nomino za jinsia ya kike, na kivumishi hufuata: ilha formosa. Sisi hubadilisha mwanzo wa neno, kisiwa kizuri, mji mzuri. Wao hubadilisha mwisho.

Neno lenyewe lilidumu pembezoni mwa iliyokuwa dola ya Roma. Wareno wana formoso. Wahispania wana hermoso, kwa kuwa f yao ya mwanzo ililegea ikawa h, kisha ikanyamaza kabisa. Ndivyo farina, unga, ilivyogeuka harina. Waromania, mbali huko mashariki, wanasema frumos, r imeruka irabu. Katikati, Ufaransa na Italia, neno jingine la Kilatini la uzuri, bellus, ndilo lililoshika, likazaa beau na bello.

Kuna orodha ya kale ya kusahihisha Kilatini, Appendix Probi, yenye mstari huu: "formosus non formunsus", yaani sema formosus, si formunsus. Kila nikiusoma namwona mwenzangu wa kazi.

Na fomu? Forma ilipita Kifaransa, ikaingia Kiingereza, ndipo ikatufikia sisi, pamoja na mchezaji "aliye kwenye fomu".

Ghuba yako iandike Ungwana. Ni jina la mji wa kale wa Waswahili, ambao magofu yake yapo upande wa Kipini, karibu na mdomo wa Mto Tana.