Umegongwa na gari? Usitie sahihi kabla goti halijasema

Watu wengi waliogongwa na gari wakitembea kwa miguu hupoteza haki yao katika wiki za mwanzo, wakiwa bado wamelala na hata kujigeuza kitandani ni kazi. Kesi ikifika kwa hakimu mambo mengi yameshaamuliwa: karatasi iliyosainiwa mapema, jeraha ambalo halikuandikwa kwenye faili la hospitali, shahidi aliyeondoka bila kuombwa namba ya simu. Nimeyajua haya kwa kugongwa mimi mwenyewe nikiwa kwenye kivuko, kisha kwa kuwasindikiza ndugu na majirani yalipowapata yale yale. Ninamwandikia aliyeko kitandani, na zaidi yule anayemuuguza, maana kwa sasa ndiye mwenye miguu ya kuhangaika.

Tuanze na mwili, kwa sababu madai yote yanasimama juu yake.

Gari dogo likimgonga mtu mzima aliyesimama, mara nyingi bampa hupiga mguu kwanza, kwenye muundi au goti. Mwili hulalia boneti, nyonga na ubavu vikapokea kishindo, kichwa kikaishia kwenye kioo cha mbele. Kisha mtu huangushwa barabarani na kuumia mara ya pili. Mtoto, kwa kimo chake, bampa humkuta kwenye paja au nyonga, na boneti humkuta kifuani. Kwa hiyo aliyevunjika mguu asikubali kuangaliwa mguu tu. Mweleze daktari gari lilikupiga upande gani, ulirushwa au uliburutwa, uliangukia nini, na kama kuna dakika ambazo huzikumbuki. Maelezo hayo yanamwonyesha pa kutafuta, na yakishaandikwa siku hiyo hiyo yanakuwa ushahidi ambao ni vigumu kuubisha baadaye.

Kuna majeraha mawili hatari kwa kujificha. La kwanza ni la kichwa. Mtu anaweza kuzinduka, akaongea vizuri, akaomba arudishwe nyumbani, kumbe damu inavuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Saa chache baadaye anazimia. Ukimwona mgonjwa wako anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganya maneno, kichwa kinazidi kumuuma au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hospitali nyingi hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, chenye alama kuanzia 3 hadi 15. Uliza kama alama hizo zimeandikwa kwenye faili. Na mtu mwenye alama 15 kamili bado anaweza kubaki kwa muda mrefu na usahaulifu, hasira za ghafla au kushindwa kuvumilia mwanga. Ndugu ndio hugundua hayo kabla yake, basi wayaseme mbele ya daktari.

La pili ni la kano za goti, na hili ndilo langu. Eksirei huonyesha mfupa, lakini kano iliyokatika haionekani humo. Yangu ilitoka safi. Nikaambiwa ni mchubuko na uvimbe, nikapewa dawa za maumivu. Uvimbe ulipoisha ndipo goti likaanza kuniachia kila niliposhuka ngazi, na kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata nyama na kano, kikaonyesha kano imekatika kabisa. Kati ya eksirei ile na MRI ile ndipo karatasi ya bima ilipoletwa.

Afisa wa kampuni ya bima ya dereva alikuja mguu wangu ukiwa bado juu ya mto. Alikuwa mtu wa heshima, alinipa pole, akauliza hali ya watoto. Kiasi alichokuja nacho kilitosha kulipa bili ya hospitali na kubakiza kidogo, na ukiwa hujui mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi, hicho kidogo kinavuta. Dada yangu aliichukua ile karatasi akaisoma kwa kufuatisha kidole mstari kwa mstari, hadi chini kabisa palipoandikwa kwamba malipo haya ni ya mwisho na yanafuta madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Akanigeukia: "Mdogo wangu, hayo yasiyojulikana utayauzaje leo?" Kisha akamwambia yule afisa, kwa adabu, kwamba tunashukuru, atuachie nakala, na tutamjibu daktari atakaposema hali imetulia.

Hilo ndilo neno langu kuu kwako. Usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema majeraha yamefikia mwisho wa kupona kwake, na kilema kilichobaki, kama kipo, kimepimwa na kuandikwa. Ukishatia sahihi karatasi ya aina ile, upasuaji utakaofuata ni juu yako, na ni nadra sana mahakama kuifungua tena. Kama njaa inabisha hodi, mwombe wakili adai malipo ya awali yanayoacha madai mengine wazi. Katika nchi nyingi jambo hilo linawezekana, hasa pale ambapo kosa la dereva halibishaniwi.

Afisa wa bima anafanya kazi aliyoajiriwa kufanya, na sina ugomvi naye. Lakini maswali yake ya kirafiki yanaandikwa. Ukijibu "sijambo, nashukuru Mungu" kwa mazoea yetu ya kujibu salamu, usishangae kuona siku moja imeandikwa kwamba mgonjwa alisema hajambo. Mtu akikujulia hali kwa niaba ya bima, mwambie panapouma.

Sasa ushahidi. Ripoti ya polisi ndiyo msingi, na unayo haki ya kuhakikisha ina namba ya gari, jina la dereva, kampuni ya bima, mahali penyewe na majina ya mashahidi. Anayeuguza arudi mahali pa ajali mapema apige picha: kivuko, taa, alama za breki, vibao vya mwendo, mti unaoziba. Apige saa ile ile ajali ilipotokea, ili mwanga uonekane ulivyokuwa. Akiona kamera ya ulinzi kwenye jengo la jirani, amwombe mwenyewe kwa maandishi aihifadhi video ya siku ile, kwani mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani na baada ya muda mfupi hakuna kitu. Nguo na viatu ulivyovaa visifuliwe. Viwekwe kwenye mfuko wa karatasi.

Alama hizi zina uzito kwa sababu watu hawakubaliani kamwe kuhusu mwendo wa gari. Mwaka 1896 jijini London, Bridget Driscoll aligongwa na kuuawa na gari katika viwanja vya Crystal Palace, akawa mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kufa hivyo. Dereva alisema alikuwa akienda polepole sana. Shahidi akasema gari lilikwenda kasi. Iliamuliwa kuwa ni kifo cha bahati mbaya. Mabishano ni yale yale hadi leo, ila sasa breki, kioo kilichopasuka na video vinaweza kusema. Na mwendo si jambo dogo: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, gari likitoka kilomita 50 kwa saa kufikia 65, hatari ya kufa kwa anayegongwa na sehemu yake ya mbele huongezeka mara 4.5.

Utaulizwa pia kama ulivuka mahali pasipo kivuko. Sema ukweli, wala usikate tamaa. Sheria nyingi leo hugawa kosa: ukionekana umechangia robo, fidia inapunguzwa robo. Zamani haikuwa hivyo. Uingereza ilibidi isubiri sheria ya mwaka 1945 ndipo mwenye kosa dogo akaacha kunyimwa kila kitu. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwaka 1985: mtembea kwa miguu hulipwa majeraha yake hata kama alizembea, isipokuwa kosa lake liwe lisilosameheka na ndilo pekee lililoleta ajali, na watoto, wazee na wenye ulemavu mkubwa wakawekewa ulinzi mkubwa zaidi. Upande mwingine, majimbo machache ya Marekani, kama Maryland na Virginia, bado yanaweza kukunyima fidia yote kwa sehemu ndogo tu ya kosa. Mimi naona Ufaransa imepatia. Anayeendesha chuma chenye uzito wa tani nzima ndiye aliyeleta hatari barabarani, na ndiye aliyelazimishwa kuwa na bima.

Wengi huchanganya kesi ya polisi na madai yao. Dereva akipigwa faini au kufungwa, kwa kawaida pesa hiyo haikufikii. Fidia yako unaidai kivyake, na katika baadhi ya nchi tu ndipo mambo hayo mawili husikilizwa pamoja. Hata dereva akiachiwa, madai yako yanaweza kufaulu, kwa sababu kwenye jinai kosa lithibitishwe pasipo shaka, na kwenye madai mara nyingi inatosha kuonyesha kuwa maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko yake. Aliyekugonga akikimbia, ripoti polisi haraka, kisha uliza kama nchi yako ina mfuko wa waathirika wa magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Uingereza inao utaratibu huo tangu 1946 na Ufaransa tangu 1951, na nchi nyingine nyingi zinao ila wananchi hawaambiwi.

Kuhusu hesabu, nunua daftari. Andika kila safari ya kliniki, kila dawa, magongo, siku za kazi zilizopotea. Andika pia yasiyo na risiti: usiku uliokaa macho, sala uliyosali umeketi, mtoto uliyeshindwa kumbeba. Mahakama haiwezi kufidia maumivu ambayo hakuna aliyeyaeleza, na miezi ikipita utasahau hata wewe. Muda ambao ndugu amekuogesha na kukupikia uandikwe vilevile. Tangu uamuzi wa mwaka 1973, mahakama za Uingereza zinakubali kwamba huduma ya ndugu ina thamani ya kulipwa ingawa yeye hakudai malipo, na wakili wako aulizwe kama ndivyo ilivyo huko uliko.

Wakili mtafute mapema, na mchague anayeshughulikia ajali kila siku. Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi: ni asilimia au kiasi maalumu, inakatwa kabla au baada ya gharama, na nani analipa mkishindwa. Jihadhari na anayekufuata wodini bila kuitwa, hata akivaa suti nzuri.

Swali la kwanza kumuuliza wakili ni la muda wa kufungua madai. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, na kwa mtoto hesabu huanza akifika umri wa miaka 18. Ufaransa ni miaka 10 tangu hali ya mgonjwa itulie. Kwingine ni muda mfupi zaidi, na gari likiwa la serikali huenda ukatakiwa kutoa taarifa ya maandishi ndani ya muda mfupi mno. Kumbuka pia kwamba mazungumzo na bima, hata yakienda vizuri namna gani, kwa kawaida hayasimamishi saa hiyo. Mwambie wakili akuandikie tarehe ya mwisho yenyewe, siku, mwezi na mwaka, na nakala moja apewe yule anayekuuguza.