Mtoto aandikwe kwa nani?

*Somo, shikamoo. Nina miaka 23, naishi Muyeye hapa Malindi kwa wazazi wangu. Nina mtoto wa kike, ametimiza miezi minne. Baba yake afanya kazi hoteli moja Watamu, tumejuana miaka mitatu, na sote wawili ni Wagiriama. Hatujaoana. Kwao hawajaleta hata barua. Pesa ya maziwa anatuma, si kila mwezi, lakini anatuma. Tatizo ni cheti cha kuzaliwa. Yeye ataka mtoto aandikwe jina lake, asema akiliona kwenye cheti ndipo atawaleta wazee. Mama yake ataka mtoto aitwe jina lake yeye, kwa kuwa ni mjukuu wa kwanza. Baba yangu naye asema mtoto aliyezaliwa chini ya paa lake ataandikwa jina lake mpaka mahari yatoke, na karatasi ya hospitali ameifungia sandukuni. Nikinyamaza naambiwa nina kiburi, nikisema naambiwa sina adabu. Mtoto mpaka leo twamwita Mtoto. Nifanyeje? — Mama Mtoto, Muyeye*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mwisho. Miezi minne mtoto aitwa Mtoto! Watu wazima watatu wamemshika rehani, kila mmoja na deni lake. Baba yako adai mahari. Mwenzako adai uhakika. Mama mkwe wako (samahani, bado si mkwe) adai somo, yaani mjukuu wa jina lake. Wewe uliyembeba na kumzaa ndiye pekee usiyedai kitu, na ndiyo maana kila mtu akuvuta upande wake.

Nyumbani kwenu mambo mawili yamefungwa fundo moja, na tusipolifungua tutazunguka hadi mtoto aingie chekechea. Kwenye usajili kuna mahali pa jina la mtoto, na kuna mahali pengine pa kuandika baba yake ni nani. Nyinyi mnagombania pa kwanza, na hakuna aliyeuliza habari ya pa pili. Kwangu mimi hapo pa pili ndipo penye uzito.

Nitakuambia kwa nini. Dada yangu alizaa kabla ya kuolewa, zamani kidogo, na cheti cha mwanawe pale pa baba kilipigwa X tupu. Baba alikuwa mzima, jirani yetu, kila Ijumaa tukikutana naye sokoni! Lakini kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilitaka baba na mama waombe kwa pamoja ndipo baba aandikwe, au uletwe ushahidi kwamba wameoana kisheria au kimila. Mwanamume akikataa kuja, imekwisha. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu kinambagua mtoto kwa kosa ambalo si lake. Kwa hivyo siku hizi mlango haujafungwa hata baba akijificha, ila utahitaji uthibitisho na subira. Njia nyepesi bado ni ile ile ya kwenda wote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake.

Na hapo ndipo ninapomtaka huyo kijana wa Watamu. Asema jina lake liandikwe ndipo alete wazee. Vizuri. Jina alitaka, miguu yake iko wapi? Kutoka Watamu hadi Malindi ni safari fupi ya matatu. Mwambie hivi, kwa upole, bila kulia: "Chagua siku, tukutane ofisi ya usajili, uje na kitambulisho." Usimwongeze neno. Akija, utakuwa umepata jibu la maswali mengi kuliko uliyoniuliza. Akianza habari za zamu na meneja, mpe siku ya pili. Ya tatu usimpe.

Sasa jina lenyewe. Hili "jina la mwisho" linalowatoa jasho, wazee wetu hawakulijua. Ni kisanduku cha fomu. Mgiriama alikuwa na jina lake, kisha "wa" fulani, basi. Karisa wa Katana akizaa kijana wa kwanza humwita Katana, naye huwa Katana wa Karisa, na wa kwake tena huwa Karisa wa Katana. Jina huenda na kurudi kama bembea, halisimami mahali pamoja likarithiwa na kila anayezaliwa. Kinachorithiwa kwa baba ni mbari, yaani ukoo, na mbari haiandikwi kwenye cheti hata kidogo. Kwa hivyo mwenzako akisema "jina letu", kwa hakika asema jina lake yeye mwenyewe, jina la mtu mmoja.

Tena angalia aliye mkubwa wetu. Mekatilili wa Menza, yule aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, alizaliwa Mnyazi. Menza ni baba yake. Mekatilili maana yake mama yake Katilili, mwanawe wa kwanza. Mume alikuwa naye, lakini jina tunalolijua na lililobandikwa kwenye sanamu hapo Malindi lina baba na mtoto tu. Sisemi uige. Nasema tu kwamba anayekuambia mila yetu ina njia moja, mwambie apite pale bustanini asome.

Baba yako nisimseme vibaya. Hilo alilosema hakulibuni yeye. Zamani mahunda, yaani mahari ya Kigiriama, ndiyo yaliyoamua mtoto ni wa mji gani, na mzee aliyemwachilia mjukuu bure alichekwa. Lakini nadhani nyuma ya maneno yake kuna hofu tu, kwamba jina likitoka, hana tena cha kuwashika nacho, na binti yake atabaki na mtoto bila mume. Hofu hiyo ina haki yake. Dawa yake ndiyo mbaya. Mjukuu akichukua jina la babu kama jina la baba, wewe na mwanao mtakuwa mwasomeka kwenye karatasi kama dada na mdogo wake. Mtoto wa dada yangu aliandikwa hivyo hivyo. Kila alipoanza shule mpya mwalimu alimwambia dada, "Mwite mama yenu aje." Yeye alicheka mara ya kwanza. Ya tatu alilia njia nzima.

Keti na mzee jioni, akishakunywa chai, si mbele za watu. Mwambie mahari ni deni la wanaume kwa wanaume na wewe hujalisamehe. Mwambie Katiba, kifungu cha 53, yampa mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, na yawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au hawajaoana. Kwa hivyo kuficha karatasi sandukuni hakumbani kijana. Kunambana mtoto. Matunzo yakikauka, utakwenda kwa ofisa wa watoto au mahakama ya watoto, na huko hawatauliza jina la mwisho ni lipi, watauliza baba ni nani. Ndiyo maana namtaka baba yako awe wa kwanza kutaka jina la kijana huyo liandikwe, pale pa baba! Ukimweleza hivyo, nadhani sanduku litafunguka lenyewe.

Na umwambie siku zahesabika. Ukipita miezi sita tangu kuzaliwa, usajili huwa wa kuchelewa, na hapo huanza safari za kwenda na kurudi na karatasi za ziada. Umebakiwa na miwili.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Jina la kwanza namwachia mama yake kijana, mtoto aitwe kwake. Halikugharimu kitu, ni mila njema, na mwanamke aliyepata somo kwa mjukuu wa kwanza hawezi kulala hadi amwone. Utashangaa wazee watakavyoletwa mbio, tena na yeye. La mwisho namwachia kijana, kwa sharti moja tu, aje mwenyewe siku ile aweke sahihi. Asipokuja, mwanao ataandikwa kwa jina lako wewe, lile ulilopewa siku ulipozaliwa. Si la babu yake. Awe fulani wa mama yake, na hakuna aibu. Baadaye kijana akipata akili, sheria yaruhusu jina la mtoto libadilishwe kwenye daftari ndani ya miaka miwili tangu kusajiliwa. Baada ya hapo ni wakili, kiapo na gharama, lakini hizo atalipa yeye.

Waislamu wenzangu wa Shella na Mambrui wasije wakaniandikia kwamba nimesahau nasaba. Sijasahau. Kwetu bin na binti ni jambo la dini, na mtoto wa nje ya ndoa masheikh wengi humnasibisha na mama yake. Hilo ni swali la kumpelekea kadhi, si mimi, ingawa Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya mirathi kwamba watoto hao wasinyimwe urithi wa baba kwa sababu ya walivyozaliwa, na mjadala wake haujapoa. Mama Mtoto hayuko huko, tumwache na yake.

Siku ya kwenda ofisini beba karatasi ya hospitali, kadi ya kliniki na kitambulisho, na uende asubuhi kabla foleni haijafika barabarani. Kabla hujaondoka dirishani, mwombe karani akusomee alichoandika, herufi kwa herufi. Mimi kitambulisho changu kilikosewa herufi moja nikiwa na miaka 18, nikaona haya kusema, na hadi leo benki waniita jina la mtu nisiyemjua. Majina yetu yana dz na ts na vh, na si kila karani kazaliwa Kakuyuni.