Si uvivu, mwalimu

Mwalimu, umeuliza mbona wanafunzi wako hapa Mombasa wamenuna tangu masomo yahamishiwe mtandaoni ghafla, na kama huo ni uvivu. Mimi sioni uvivu. Hata vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mambo yalikuwa vivyo hivyo: mafunzo ya dharura hayalingani na kozi ya mtandaoni iliyopangwa kwa miezi, na mwanafunzi huonja tofauti hiyo siku ya kwanza.

Kabla hujawahukumu, waulize. Nani ana kompyuta? Nani anasomea kwenye simu ya mamake? Nani yuko Kisauni, chumba kimoja na wadogo zake? Kisha warekodie somo kwa sauti, dakika kumi hivi, utume na maelezo mafupi ya kusoma. Video ya saa mbili inamaliza bando. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu. Na tafadhali sana, usimlazimishe mtu kuwasha kamera: wapo wanaoona haya nyumba yao kutazamwa. Mtihani upe siku nzima, ili umeme ukikatika mtu asipoteze alama.